Nimetubu mara nyingi, lakini sina hakika kama nimeokoka

SWALI

Mshauri wetu mpendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni baba wa miaka 54, mkulima wa kahawa na migomba katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga katika Kanisa la Kilutheri, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya ya vijana, na watu wa mtaani kwetu wananihesabu kuwa Mkristo wa kutegemewa. Mimi peke yangu ndiye nisiyejihesabu hivyo.

Nilipokuwa kijana niliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, kazi niliyoifanya kwa misimu kadhaa. Wakulima walileta kahawa yao ya maganda, mimi nikisoma mizani na mwenzangu akiandika stakabadhi. Tulikuwa na mazoea yetu: gunia likiwa na kilo 47, tunaandika 43, na zile zinazobaki tunaziandika kwa jina la ndugu yetu mmoja, kisha malipo yakitoka tunagawana. Hatukuwafanyia hivyo watu wanaojua kusoma wala wenye watoto wakali. Tuliwafanyia wazee na wajane. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kuficha.

Baadaye niliacha kazi hiyo, nikaoa, na katika mkutano mmoja wa injili nikapita mbele kuokoka. Nililia sana siku ile, na kwa wiki kadhaa nilijisikia mwepesi, kisha wepesi ule ukaondoka. Mkutano mwingine ulipokuja nikapita mbele tena, nikiamini kwamba mara ya kwanza sikutubu kwa dhati, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kurudia sala ya toba kila inapoongozwa, iwe kanisani au redioni, na hata nikiwa peke yangu shambani. Kila mara ninajiuliza kama safari hii nimemaanisha.

Mwaka huu mambo yamezidi. Katika mkesha wa msiba, mhubiri mmoja kijana alisema kwamba mtu asiyeijua siku na saa aliyookoka asijidanganye, hajaokoka. Akasoma pia Waebrania 10:26, kwamba tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi. Tangu usiku ule nalala kwa taabu. Maneno mabaya juu ya Roho Mtakatifu yananijia kichwani bila kuyaita, hasa ninapoanza kuomba, na nimeanza kuamini kwamba nimetenda ile dhambi isiyosameheka. Meza ya Bwana nimeiacha. Ikifika saa ya kushiriki natoka nje kama mtu aliyepigiwa simu.

Kinachoniumiza zaidi ni mama mmoja mzee, mjane, ambaye ni miongoni mwa wale niliowapunja. Kila Jumapili hunisalimu na kuwaulizia watoto wangu kwa majina. Msimu wa senene uliopita alituletea senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye jani la mgomba, akasema ni wa wajukuu zake. Sikuweza kula.

Mke wangu hajui habari za mizani. Anaona tu kwamba sili vizuri, na ananiambia niache kujitesa. Mwezi ujao kuna mkutano mkubwa wa injili huku kwetu. Je, nipite mbele tena? Je, mtu anaweza kujua kwa hakika kwamba ameokoka, au sote tunasubiri hadi siku ya hukumu? Na kwa mtu kama mimi, tumaini lipo?

Mwenye mashaka, Muleba

JIBU

Ndugu yangu mpendwa katika Kristo, Bwana asifiwe sana.

Mtu anaweza kujua. Mtume Yohana anapofika mwishoni mwa waraka wake wa kwanza anaeleza sababu ya kuuandika: “Nimewaandikia ninyi mambo hayo, ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele, ninyi mnaoliamini jina la Mwana wa Mungu.” Na tumaini lipo kwa mtu kama wewe, tena lipo leo, kabla hujarudisha hata kilo moja. Nakuomba uyashike maneno hayo unapoendelea kusoma, kwa sababu huko mbele nitakuambia urudishe, na sitaki uyachanganye mambo hayo mawili kama ulivyoyachanganya kwa miaka mingi.

Maana barua yako, nilivyoisoma, imefunga pamoja swali na deni. Swali ni lako na Mungu: je, amenipokea? Deni ni lako na watu, wengine wakiwa hai na wanakaa kilomita chache kutoka kwako. Kila deni lilipokuchoma, ulikimbilia kwenye swali. Ukapita mbele, ukalia, ukasema sala ya toba, ukarudi nyumbani, na deni likabaki palepale likiendelea kuchoma. Ukahitimisha kwamba Mungu hajakusikia. Mimi naamini kwamba alikusikia zamani, na kwamba sehemu kubwa ya unachokisikia sasa ni sauti ya stakabadhi zile. Hata hivyo nitaanza na swali, kwa kuwa mtu asiyejua kama amepokelewa hulipa deni kwa hofu, na malipo ya hofu hayamponyi yeye wala anayelipwa.

Kwanza, habari ya siku na saa. Mhubiri yule hakulitoa jambo hilo hewani. Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na Uamsho ulioanza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na huko kwenu Kagera, na watu wa Uamsho walikuwa na desturi njema ya kusimama mbele ya ndugu na kueleza jinsi Bwana alivyowakuta. Urithi huo siudharau hata kidogo. Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza kanisa la Bukoba na kuchaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Lakini ushuhuda wa mtu mmoja haugeuki kuwa sheria ya watu wote. Paulo aliijua siku yake, kwa kuwa alianguka chini njiani kwenda Dameski. Timotheo, ambaye Paulo alimwita mwanawe, alilelewa katika imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo anapomtia moyo hamwulizi tarehe. Anamkumbusha kwamba tangu utoto ameyajua maandiko matakatifu, ambayo yaweza kumhekimisha hata apate wokovu. Wote wawili walikuwa wa Kristo. Wewe uliyebebwa kwenda kubatizwa kabla hujajua kutamka jina lako unafanana zaidi na Timotheo, na hakuna aya hata moja inayokudai saa.

Tena hata wenye tarehe hawajakingwa na mashaka. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ni mmoja wa watu wanaotajwa sana kwa siku yao: jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa Aldersgate huko London, dibaji ya Luther kuhusu Waraka kwa Warumi ilipokuwa ikisomwa, alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu na akajua kwamba anamtumaini Kristo peke yake. Siku ipo, saa ipo, mahali papo. Lakini katika shajara yake ya Januari 1739, miezi isiyotimia minane baadaye, yamo maneno ambayo wengi waliomchunguza huyahesabu kuwa yanamhusu yeye mwenyewe, na maneno hayo yanasema wazi kwamba mwenye kuyaandika si Mkristo. Joto lilikuwa la kweli, nalo lilipungua, kama wepesi wako ulivyoondoka baada ya wiki kadhaa. Wesley aliendelea kuhubiri neema kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo.

Hapo ndipo ulipokwama, ndugu yangu. Kila unapoomba toba unageuka mara moja kuutazama moyo wako ili uone kama umemaanisha, kama machozi yametosha, kama kuna wepesi. Wewe uliyefanya kazi ya mizani unajua kwamba mshale usiotulia hausomeki. Moyo wako umekuwa mshale wa namna hiyo, na bado unausoma kila siku ili ujue uzito wako mbele za Mungu. Yohana aliwajua watu wenye shida hii, ndiyo maana akaandika kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, “Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote.” Moyo wako hauna kauli ya mwisho juu yako, wala ukikushitaki, wala ukikusifu.

Martin Luther, ambaye kanisa lako linaitwa kwa jina lake, alipitia njia hiyohiyo. Aliingia monasteri ya Erfurt mwaka 1505 akitafuta amani na Mungu, na huko akaungama mara kwa mara na kwa muda mrefu sana, pengine kwa saa nyingi kwa mara moja, kisha akishatoka anakumbuka dhambi nyingine na hofu inaanza upya. Aliyemsaidia ni mkuu wake, Johann von Staupitz, ambaye badala ya kumwongezea orodha ya makosa ya kuchunguza alimwambia ayatazame majeraha ya Kristo. Miaka mingi baadaye, katika Katekismo Kubwa, kitabu chake cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, Luther aliwafundisha Wakristo kwamba dhambi na dhamiri zinapowakandamiza waseme: hata hivyo nimebatizwa, na kama nimebatizwa, ninayo ahadi kwamba nitaokoka. Hakuwa akisema kwamba maji ni hirizi. Alikuwa akiondoa macho ya mtu ndani yake mwenyewe na kuyaelekeza kwenye jambo ambalo Mungu alilifanya kwake, kwa jina lake, mbele ya mashahidi, na ambalo halipandi wala kushuka pamoja na hisia za siku. Wewe mwenyewe ulikariri darasa la kipaimara maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume katika Katekismo Ndogo, kwamba kwa akili na nguvu zangu mimi siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumwendea, bali Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili. Yasome tena maneno hayo ukiwa mtu mzima uliyechoka. Ni habari njema kwa mtu ambaye amejaribu kuamini kwa nguvu zake hadi zikaisha.

Basi macho yatazame wapi? Yatazame ahadi. Yesu anasema katika Yohana 6:37, “wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe.” Hakutaja kiasi cha machozi, wala hakusema mara ya ngapi. Yule baba aliyemleta mtoto wake mgonjwa alisema, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” sala iliyochanganyika imani na mashaka, na mtoto wake akaponywa. Na mtoza ushuru wa Luka 18, mtu ambaye kazi yake iliwapunja wengine kama ya kwako, alisimama mbali akajipigapiga kifua akisema, “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Yesu anasema mtu huyo alishuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki. Hatuambiwi alijisikiaje njiani. Inawezekana alishuka na huzuni yake yote, na bado alikuwa amehesabiwa haki, kwa sababu jambo hilo liliamuliwa na Mungu, wala halikuamuliwa na hisia zake.

Kwa hiyo mkutano ukija, nenda, imba, sikiliza Neno, lakini usipite mbele kwa nia ya kuokoka upya. Kila unapopita mbele kwa nia hiyo unaifundisha nafsi yako kwamba ahadi ya jana ilikuwa ya uongo. Mwana haanzi kuwa mwana kila anapokosea. Huenda kwa baba yake akakiri. “Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu.” Hakika yako imekaa katika uaminifu huo wake.

Sasa nije kwenye aya iliyokunyima usingizi. Waraka kwa Waebrania uliandikiwa waumini waliopata mateso na waliokuwa wakijaribiwa kumwacha Kristo kabisa. Soma usiishie aya ya 26. Endelea hadi ya 29, ambapo mwandishi anaeleza ni mtu gani anayemsema: aliyemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu ya agano kuwa kitu ovyo. Ni mtu aliyegeuka na kuidharau dhabihu yenyewe, ndiyo maana hana dhabihu nyingine, kwa kuwa ameikataa ile pekee iliyopo. Wewe hujaidharau. Umeililia kwa miaka mingi, na unaogopa usije ukanyimwa. Onyo lile ni zito na sitalipunguza uzito, lakini lilielekezwa kwa mtu anayeondoka, nawe umesimama mlangoni ukiomba kuingia katika nyumba ambayo tayari ni ya baba yako.

Kuhusu kumkufuru Roho Mtakatifu, Marko 3:30 inatoa sababu ya Yesu kulisema neno lile: “kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu.” Waandishi, yaani walimu wa sheria waliompinga Yesu, waliiona kazi ya Mungu kwa macho yao, wakaiita ya shetani kwa makusudi, bila majuto. Mawazo yanayokujia usipoyaita, unayoyachukia na yanayokutia hofu, si jambo hilo. Wakristo wengi wenye dhamiri nyepesi kuumia wameyapata, na kadiri mtu anavyopambana nayo ndivyo yanavyozidi kurudi. Yakija, usibishane nayo, usiyatubie moja moja, na usikatize sala yako. Yaache yapite kama kelele za barabarani, nawe uendelee na Baba Yetu. Na kwa kuwa umesema hulali wala huli vizuri, nakuomba uende hospitali umweleze daktari hali hiyo bila aibu. Kuna wasiwasi unaokuwa ugonjwa, wenye tiba, na kwenda kutibiwa si upungufu wa imani, kama ambavyo kumeza dawa ya malaria si upungufu wa imani.

Huenda utakutana na watu watakaokuambia kwamba makanisa hayakubaliani juu ya hakika hii, na ni kweli. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulionya dhidi ya mtu kujihakikishia kwa majivuno kwamba yumo miongoni mwa wateule, huku ukifundisha kuutumaini sana msaada wa Mungu. Walutheri husema kwamba mtu anaweza kuiacha imani na kuanguka. Wareformati, yaani makanisa yanayofuata mafundisho ya John Calvin, husema kwamba aliyeitwa na Mungu kweli atatunzwa hadi mwisho. Lakini angalia jambo hili: Ungamo la Westminster, la Wareformati hao wenye kusisitiza hakika, linakiri katika sura ya 18 kwamba mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na magumu mengi kabla hajaipata, na kwamba aliyeipata anaweza kuiona ikitikiswa, pengine kwa sababu ya dhambi fulani inayoijeruhi dhamiri. Walioandika hivyo katika miaka ya 1640 hawakujua habari za kahawa ya Muleba, lakini wamekuelezea vizuri.

Ndipo tunapofika kwenye kilo.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, naye ni tajiri. Tazama mpangilio wa habari yake katika Luka 19. Yesu anamwita kwa jina na kusema kwamba imempasa kushinda nyumbani mwake, Zakayo anashuka kwa haraka, anamkaribisha kwa furaha, ndipo anaposimama na kusema, “ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.” Yesu hakungoja chini ya mkuyu hadi hesabu za Zakayo zikamilike. Zakayo alipokelewa, na kwa kuwa alipokelewa mikono yake ikafunguka. Kurudisha kwako hakutakununulia wokovu hata kwa senti moja. Lakini kutorudisha, wakati unaweza, kutaendelea kuijeruhi dhamiri yako, na zaidi ya hapo, jambo ambalo naona barua yako imelipita haraka, kutaendelea kuwanyima wajane mali yao. Ndugu zetu wa Uamsho walilijua hili. Waliookoka walirudisha majembe, mablanketi na fedha walizoiba kwa majirani, kwa misheni na hata kwa serikali, na ndivyo wasioamini walivyotambua kwamba kuna jambo limetokea.

Anza kwa mchungaji wako. Katekismo Ndogo ina sehemu nzima juu ya maungamo, nayo inafundisha kwamba tunapokea ondoleo la dhambi kutoka kwa mwungamishaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe, pasipo shaka yoyote. Mwombe nafasi ya faragha, umweleze jambo lote, mizani, jina la ndugu, mwenzako, wajane, bila kulipamba. Analazimika kuitunza siri hiyo. Acha akutamkie msamaha kwa sauti, kwa jina lako, nawe usikie kwa masikio yako. Umeomba peke yako kwa miaka mingi. Jambo hili hujalijaribu, na kwa maoni yangu ndilo unalolihitaji kuliko mkutano wowote. Meza ya Bwana irudie baada ya hapo. Usingoje hadi deni lote lilipwe, kwa maana ni chakula cha wenye njaa. Ila uwe umekwisha kuanza kulipa, kwa sababu Bwana alisema katika Mathayo 5 kwamba anayekumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane naye kwanza.

Kisha kaa na kalamu. Andika majina yote unayoyakumbuka na makadirio ya kilo kwa msimu. Ukisitasita kati ya idadi mbili, chukua iliyo kubwa. Ulichukua kahawa, kwa hiyo hesabu kwa bei ya kahawa ya msimu huu, wala usihesabu kwa shilingi za wakati ule ambazo leo hazinunui chochote; ukifanya hesabu kwa shilingi za zamani utakuwa umewapunja mara ya pili. Sheria ya Walawi 6 ilimtaka mtu wa namna hii arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na sioni sababu ya wewe kufanya pungufu. Kwa waliofariki, wapelekee watoto au wajukuu wao. Kwa wasiojulikana walipo, zungumza na mchungaji ili fedha hiyo iwafikie wajane na wazee wa hapo kwa njia ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, bila jina lako kutangazwa. Kama huwezi kulipa mara moja, lipa kila msimu. Mwenzako wa zamani mweleze unachofanya, lakini usimtaje kwa watu. Toba yake ni yake. Na jambo hili likifika kwenye chama ukaitwa kuhojiwa, sema kweli na ukubali litakalofuata.

Kwa yule mama mzee nenda mwenyewe, mchana, nyumbani kwake, na fedha mkononi. Sema kwa maneno machache na ya wazi: mama, nilipokuwa karani nilikuwa nasoma kilo zako na kuandika pungufu, nikala jasho lako, nimekuja kukurudishia na kukuomba radhi. Usimweleze jinsi ulivyoteseka, kwa maana utamlazimisha akufariji, naye ndiye aliyeibiwa. Anaweza kulia, au kukasirika, au kukuambia kwamba alijua siku zote. Akikufukuza, ondoka kwa heshima na uache fedha yake. Msamaha wake ni zawadi anayoweza kuitoa au kungoja, lakini hata akikataa kukusamehe, neno la Kristo juu yako halibadiliki.

Kabla ya malipo hayo yote, mara tu baada ya kuonana na mchungaji, mwambie mke wako. Fedha zitakazotoka ni za nyumba yenu, na watu watasema. Si haki aje ayasikie kisimani au kwenye kikundi cha akina mama kabla hajayasikia kinywani mwako. Amekuona huli na hakujua sababu, na kwa muda huo wote alikuombea gizani. Mpe nafasi ya kukuuliza maswali, hata yale magumu, kama vile ni sehemu gani ya shamba au ya nyumba ilitokana na kilo zile. Kisha kaeni pamoja na ile orodha ya majina, kwa kuwa yeye anazijua familia za pale kuliko wewe na atakukumbusha waliohamia Bukoba na walioolewa Karagwe.